Msonobari wa Numa Barthé

Siku Numa Barthé aliporudi kutoka Denver, mti wake ulishuka kwenye gari kabla yake.

Majirani tulikuwa tumetoka vibarazani, kama tunavyotoka kila mtu anapohamia mtaani kwetu Gentilly, tukitazama wapagazi wawili wakihangaika kuuteremsha kwenye tela. Ulikuwa msonobari wa buluu. Mizizi yake ilifungwa magunia mabichi, nao umenyooka kama askari wa gwaride, rangi yake ya majivu yaliyotiwa samawati kidogo. Mzuri ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Hata koti la manyoya ni zuri, lakini nani analivaa New Orleans mwezi wa Aprili?

"Taratibu!" Numa alipiga kelele kabla hata hajafunga mlango wa gari. "Taratibu na huo mti! Umetoka mlimani huo, haujazoea mikono ya ovyo!"

Percy, fundi viyoyozi wa mtaa wetu, alikuwa juu ya ngazi kwenye dirisha langu. Akamjibu palepale, "Basi mwambie aanze kuzoea jasho, bwana. Mikono itafuata."

Tukacheka. Numa hakucheka. Alivaa kofia pana ya wachunga ng'ombe na shati la mikono mirefu, na jasho lilishaanza kumtoka kwapani. Dada yake Leontine alikuwa kibarazani kwao amefunga aproni, gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa bamia na kamba, iko jikoni tangu asubuhi. Numa akapanda ngazi, akambusu shavuni haraka haraka kama mtu anayetia sahihi ya kupokea mzigo, akageuka kuuangalia mti wake.

Nyumba yao ni zile za milango miwili mbele na kibaraza kimoja: upande wa kushoto wa Leontine, wa kulia wa Numa. Mama yao, Mama Philomène, ndiye aliyewaachia hivyo, kila mtu nusu yake, na hakuna aliyebisha. Lakini sisi tulioishi hapa tunajua nusu ya kulia ilisimama kwa mikono ya nani. Maji ya kimbunga cha Katrina yalipoingia, Numa alipakiwa kwenye basi pamoja na watu wengine, akashushwa Denver, akapata kazi ya ofisi ya maji, akakaa huko mpaka akastaafu. Leontine alirudi. Aliishi miaka miwili kwenye trela ya serikali iliyoegeshwa uani, akikwangua ukungu kwenye kuta za pande zote mbili, na mama mgonjwa ndani ya trela hiyohiyo. Numa alikuja kwenye mazishi ya mama kwa ndege, akaondoka kwa ndege. Akawa anapiga simu sikukuu.

Sasa amerudi moja kwa moja, na tangu jioni ile ya kwanza hatukupumua. Huko Denver hewa ni kavu, mtu analala kama mtoto. Huko Denver barabara hazina mashimo. Huko Denver maji ya bomba yanatoka kwenye theluji. Alikunywa kahawa yetu akaikunjia uso. Alikula gumbo ya dada yake, sahani mbili, halafu akasema huko watu hawali mafuta hivi, ndiyo maana wanaishi sana.

"Wanaishi sana," Leontine alisema, akikusanya sahani. "Wewe ungekaa huko basi, tukuone unavyoishi sana."

Pale mbele ya nyumba, kwenye jua, palikuwa na mtini wa Mama Philomène. Ulikuwa mti wa chini chini, mnene, matawi yamepinda kama viwiko, na kila Julai ulizaa mpaka tukachoka. Tulizila tini kwa mkate, tukazipika jemu, tukazipeleka kanisani kwa mabeseni, na ndege wakala zilizobaki. Kwenye mafuriko ulikaliwa na maji machafu wiki nzima na zaidi, tukasema umekwenda. Mwaka uliofuata ukachipua. Leontine aliniambia siku moja kwamba asubuhi alipoona lile jani la kwanza ndipo alipoamua kununua mbao za sakafu.

Numa hakuwa na habari na hayo. Alichokiona ni kwamba mtini umesimama mahali pazuri.

Alingoja Jumapili, mimi na Leontine tukiwa kanisani. Tunarudi kwa miguu, tunazungumza habari za mahubiri yalivyokuwa marefu, tukasikia msumeno wa mashine unazimwa. Tulipopinda kona, matawi ya mtini yalikuwa yamelundikwa kando ya barabara kungoja gari la taka, yakiwa na tini changa za kijani, ndogo kama vifundo. Na msonobari wa buluu ulikuwa umesimama kwenye shimo lake, Numa anaukanyagia udongo kwa buti.

"Numa," Leontine alisema, bado ameshika mkoba wake wa kanisani. "Mtini wa Mama uko wapi?"

"Si huo hapo." Akaonyesha lundo kwa kidevu. "Dada, ule mti ulikuwa uchafu mtupu. Nyigu, ndege, matunda yanaoza chini, viatu vinanata. Sasa tazama hapa. Huu ndio mti wa kuweka mbele ya nyumba ya watu wenye heshima zao. Huko Denver kila nyumba ya maana inao."

"Mama aliupanda mwaka uliozaliwa wewe."

"Basi ulishazeeka."

"Na wewe je?"

Mimi nilicheka, sikuweza kujizuia, na Numa akanitupia jicho la kuniambia hayanihusu. Leontine hakucheka. Aliinama kwa viatu vyake vya kisigino, akachomoa kitawi kimoja kwenye lundo, akaingia nacho ndani na kufunga mlango wake. Hakupiga kelele wala hakulia. Lakini kuanzia siku hiyo sufuria yake ikawa ya mtu mmoja, na upande wa kulia wa nyumba ukaanza kunuka chakula cha kopo.

Nami nilimnunia Numa kwa niaba ya Leontine. Sijui kama alitambua. Mtu wa namna ile anadhani ukimya wako ni mshangao.

Mwezi wa Mei mti ulikuwa bado umejitutumua, na Numa akawa anatoka kila asubuhi na kikombe chake kuutazama kama anayekagua mali. Watu wakipita anawasimamisha. "Unanusa? Hiyo ni harufu ya mlima." Mwenye pua alinusa bomba la majitaka la mtaa wetu, kama kawaida, akasema ndiyo bwana, mlima, akaenda zake.

Halafu joto lilikuja. Wanaoishi hapa wanajua Juni yetu: unatoka kuoga, unajifuta, na huwezi kusema umekauka saa ngapi. Mvua inanyesha mchana kwa hasira, jua linarudi, na udongo wetu wa mfinyanzi unayashika maji kama bakuli. Mti wa Numa ukawa umesimama ndani ya supu ya moto. Sindano za ndani, karibu na shina, zikaanza kuwa rangi ya kutu. Kisha matawi ya chini. Ukigonga tawi, zilimwagika kama mchele.

"Unazoea," Numa alisema.

Akaanza kuununulia barafu. Naapa. Alikuwa anakwenda dukani asubuhi, anarudi na mifuko ya barafu, anaipanga kuzunguka shina, na mvuke unapanda kama jikoni. Percy akapunguza mwendo wa gari lake, akateremsha kioo.

"Kaka Numa, hujaweka samaki na kamba humo? Maana naona karamu imeshaandaliwa."

"Pita zako, Percy. Mizizi inahitaji ubaridi."

"Nikufungie kiyoyozi? Nitakupa bei ya mti."

Wiki iliyofuata Numa alitoa feni kubwa ya sakafuni, akapitisha waya dirishani, akaielekeza kwenye mti. Mzee mzima, pensheni yake mfukoni, amekaa kwenye kiti cha turubai anaupepea mti, yeye mwenyewe analowa jasho. Watu walikuwa wanatoka mtaa wa pili kuja kuangalia. Mmoja akamwuliza kama mti unapenda televisheni. Baadaye utitiri ukaushambulia, utando mwembamba ukajaa kati ya sindano, naye akawa anauosha kwa sifongo na sabuni ya vyombo, tawi kwa tawi, akinung'unika kwamba huko Denver utitiri haupo.

Leontine alikuwa anakaa upande wake wa kibaraza, anamenya kamba au anachambua maharage, hasemi naye neno. Akisema, alisema na mti. "Pole, mwanangu," aliuambia siku moja kwa sauti ya kutosha. "Umeletwa na mtu asiyeuliza. Sisi wengine tulizaliwa naye, hatukuwa na la kufanya."

Numa akaipandisha feni nguvu ili asisikie.

Kufika Oktoba msonobari ulikuwa na nusu ya juu iliyobaki na ubichi wa kulazimisha, na nusu ya chini kama ufagio uliotupwa. Mtu mwingine yeyote angeung'oa akanyamaza. Lakini Danika alipiga simu. Danika ni binti yake wa pekee, alipelekwa Denver mdogo akakulia huko na wazazi wake, sasa ni mwalimu. Akasema anakuja kula Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba, na baba yake na shangazi yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya bibi, naye alikuwa mtoto bado. Numa alimwambia kwenye simu, tukisikia mtaa mzima, "Utauona mti wangu! Umesimama kama wa nyumbani!"

Siku mbili kabla binti hajafika, nilimwona mchana kweupe na pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia dawa, anauzunguka msonobari.

"Dawa ya nini hiyo?" nilimwuliza kutoka ng'ambo ya barabara.

"Ya afya," akajibu.

Dawa hiyo ilikuwa ya buluu, na ilipokauka mti wote ulikuwa wa rangi moja kuanzia chini hadi juu, sindano hai na sindano mfu, pamoja na shina, pamoja na kipande cha nguzo ya kibaraza. Percy alikuja kusimama pembeni yangu. Alivua tu kofia yake, kama mazishini.

Danika alifika Alhamisi asubuhi kwa teksi kutoka uwanja wa ndege, msichana mrefu, mcheshi, na sura ya Mama Philomène usoni mpaka nikashtuka. Akamkumbatia baba yake, akamkumbatia Leontine muda mrefu zaidi, akaniita shangazi bila kuambiwa. Halafu Numa akamshika kiwiko akampeleka mbele ya mti.

"Enhe? Unasemaje?"

Danika aliutazama, akatabasamu kwa adabu, akapitisha mkono kwenye tawi. Sindano zikamwagika viatuni kwake. Mkono ukatoka buluu mpaka kwenye kifundo.

"Baba," alisema polepole, akiutazama mkono wake. "Umeupaka rangi?"

"Ni dawa ya kuzuia jua."

"Baba."

Danika akafuta mkono kwenye nyasi, na nadhani alitaka kumwokoa baba yake na aibu, maana akageuka kwa Leontine kwa uchangamfu. "Basi nionyesheni kile nilichokuja kukiona hasa. Mtini wa bibi uko wapi? Uko nyuma?"

Nilimtazama Numa, naye akaitazama pua ya kiatu chake.

"Nani alikuambia habari za mtini?" Leontine akauliza.

"Nani? Si baba! Shangazi, mimi nimelelewa na huo mti. Kila siku, huko New Orleans kwetu kuna mtini. Huko New Orleans tini moja inajaza kiganja. Kahawa ya Denver maji matupu, mkate wa Denver pamba, watu wa Denver hawasalimiani. Misonobari ndiyo kabisa, alikuwa anaitukana, eti miti ya makaburini. Mama yangu alimwambia mwishowe, mume wangu, panda basi urudi huko au unyamaze. Alipanda mpaka mtini uani kwetu! Kila Oktoba anaufunga mablanketi, anauwashia taa usigande, majirani wanakuja kumcheka. Ukaganda hivyohivyo. Alilia, shangazi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, sijawahi kumwona akilia."

Leontine aliweka mkono kwenye nguzo ya kibaraza, ile yenye madoa ya buluu. "Vijiti vya kupandia huo mti nilivikata mimi," alisema. "Alinipigia simu akaniomba. Nilivifunga gazeti lenye maji, nikavituma kwa posta, na mama akaniambia nifunge vizuri." Kisha akamgeukia kaka yake. "Mwambie mtoto, Numa. Amekuja mbali. Mwambie mti wa bibi yake uko wapi."

"Niliukata," Numa alisema.

Danika hakuelewa. Ilibidi Numa arudie.

Tulikula, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari na bata mzinga hana kosa. Leontine alikuwa amemwalika kaka yake mezani kwa ajili ya binti, na mimi niliitwa kama kawaida. Hakuna aliyefurahia. Danika alikuwa anamegua mkate bila kuula. Mwishowe Numa akaweka uma chini.

"Huko nilikuwa mtu wa New Orleans," alisema, akiongea na sahani. "Kazini, dukani, kila mahali. Mwulizeni yule bwana wa New Orleans. Nikiongea wananyamaza wasikie. Nikarudi hapa. Hapa kila mtu ni wa New Orleans. Na nyinyi kila mkikaa ni habari za matope, nani alirudi lini, nani alikwangua nini, trela ya nani ilivuja. Mimi sikuwepo. Ningesimulia nini mimi?"

Kwa dakika ile nilikaribia kumwonea huruma. Leontine hakukaribia.

"Kwa hiyo ulimkatia Mama mtini wake ili na wewe uwe umetoka mahali."

"Leontine..."

"Ungeniambia tu, Numa. Kama shida yako ni matope, ningekupa sepetu. Yapo mengine chini ya sakafu yako mpaka leo, sikuyamaliza. Nilichoka nikaishia upande wangu." Akamsogezea binti bakuli la mchuzi. "Kula, mwanangu. Baba yako ataendelea kuwa mjinga hata ukishiba."

Danika alicheka huku machozi yanamtoka, na baba yake akachukua kofia yake akatoka.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na kijito cha buluu kilikuwa kinateremka kutoka kwenye mti hadi barabarani, kinaingia mferejini mbele ya watu wote. Numa alikuwa nje na koleo. Alichimba mara mbili tu. Akashika shina, akavuta, na msonobari ukatoka wote kwa mkono mmoja, kama jino la mzee. Mizizi haikuwa imetoka nje ya magunia hata kidogo. Ilikuwa imeoza ndani humo, myeusi, na harufu yake ilinifikia ng'ambo ya barabara. Miezi yote ile ya barafu na feni, mti haukuwa umegusa udongo wetu.

Percy alifungua mdomo. Leontine, kutoka kibarazani, akamwinulia kidole. "Wewe nyamaza. Huyu ni wa kwangu kumcheka."

Na akamcheka kweli. Akakaa kwenye kiti chake na kahawa yake, akacheka mpaka akashika ubavu, na Numa akasimama pale na ule mti mkononi, matope mpaka magotini, rangi ya buluu masikioni, akimwacha acheke. Hakusema neno kuhusu Denver wala kuhusu mahali pengine. Danika alimsaidia kuuburuta mti hadi kando ya barabara, kwenye lundo la taka.

Danika aliporudi kwao, nilidhani Numa ataondoka naye. Hakuondoka. Alikuja mlangoni kwa dada yake, akabisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi, akauliza apande nini pale.

"Usipande kitu," Leontine akamwambia. "Kila ukipanda kitu kuna mtu anazikwa. Leta udongo, ziba shimo, halafu nenda chini ya sakafu yako na sepetu."

Akaenda. Majira ya baridi yote tulikuwa tunaziona buti zake zikitokeza chini ya nyumba, anatambaa na ndoo, anatoa tope lililokauka kama matofali. Watu walipita, wakauliza anatafuta nini, naye akawaonyesha ndoo tu. Akitoka humo yuko mweusi kama fundi bomba, Leontine anamwachia sahani kwenye kiti cha kibaraza. Hamwiti. Anaiacha tu, imefunikwa, na akiona inzi anamwambia, chakula chako kinapata wageni.

Mimi bado simsalimii kwanza. Leontine amesamehe kiasi chake, hilo ni lake. Mimi nilikuwa nakula zile tini pia.

Machi hii Leontine alipanda bamia mbele ya nyumba, mistari minne. Juzi asubuhi Numa alitoka na bomba la maji, amesimama juu ya miche anatafuta pa kuanzia.

"Weka chini hilo bomba," Leontine akamwambia kutoka dirishani. "Hizo zina mwenyewe. Wewe chukua ufagio, ukaanzie kibarazani."

Numa akaweka bomba chini, akaenda kutafuta ufagio ulipo.